Nasari ya Mke wa Kalondu

Mara ya kwanza Mbinya kupigwa kwa sababu ya shule, hakujua hata shule ni kitu gani. Alikuwa na miaka sita au saba, kwao Matinyani, na asubuhi hiyo kaka yake alikuwa amevaa kaptura mpya. Mbinya alimfuata ili aone kaptura ile inakwenda wapi. Ikaingia kwenye nyumba ndefu ya udongo yenye watoto wengi, naye akaingia nyuma yake, akakaa chini. Baba yake alimkuta hapo. Alimtoa kwa sikio, akamchapa kwa mjeledi wa ng'ombe wa plau tangu mlangoni mwa darasa mpaka kwenye boma la mbuzi. Mtu mzima hutembea njia hiyo kwa nusu saa.

"Mbuzi wangu watachungwa na nani? Na mwalimu?" baba aliuliza kila alipoinua mkono.

Michirizi ya mjeledi ule ilibaki mgongoni mwake, na hakurudi tena pale.

Njaa ya ndege ilipokuja, mwaka ule ambao ndege zilipita zikidondosha mahindi, baba alimtoa Mbinya kwa mbuzi kumi na wanne. Mbinya alidhani anaenda kwa mwanamume. Alipofika vilima vya Kilungu, miguu ikiwa imevimba, akapokelewa na mjane mwembamba aliyekuwa akivuta ugoro.

"Mume wako ni mimi," mjane akasema. "Naitwa Kalondu. Weka mzigo chini uende mtoni."

Wakamba wanalijua jambo hilo. Mwanamke aliyekosa watoto hutoa mbuzi akaoa msichana wa kuijaza nyumba yake, na msichana huyo huitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa nyumba ya yule aliyemuoa, na shamba la nyumba hiyo ni lao. Kalondu alikuwa mke mkubwa wa marehemu mumewe. Mke mdogo alikuwa amekufa na kuacha mwana mmoja, Ndolo, aliyekuwa akihesabu siku za Kalondu kama mtu anayesubiri ndizi ziive. Kwa hiyo Kalondu alitaka mtoto wa kiume, na alimtaka haraka. Mwanamume wa kumzalisha Mbinya alimchagua mwenyewe, jinsi mtu anavyochagua dume la kupanda ng'ombe. Akazaliwa Nthenya, msichana. Kalondu alimpiga Mbinya kwa mwiko kwa kosa hilo, siku ya nane, kabla hata kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri. Miaka saba ikapita na mimba mbili zikatoka, ndipo Kisilu akazaliwa. Siku hiyo Kalondu alichinja mbuzi, akamwita Mbinya "mwana wangu" kwa mara ya kwanza, naye Mbinya akaanza kumwita Mwaitu, yaani mama.

Kisilu alikufa akiwa na miaka mitatu.

Upande ule wa kilima wanawake walichimba mitaro ya kuzuia maji kwa mwethya. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na mwenye shamba huwapikia. Kiongozi wao alikuwa Muthoki, mwanamke mwenye kifua kipana na firimbi shingoni. Sheria ilikuwa moja: wanawake husimama kwenye mstari, na anayetoka mstarini kabla ya firimbi, siku yake haihesabiwi. Akikosa siku tatu, wenzake huja kwake na kumbeba mbuzi, wakamla huku wakiimba jina lake. Kwa sheria hiyo kilima kizima kilipata mitaro, hata wazungu wa kilimo walikuja kupiga picha.

Watoto waliachwa chini penye moto, wadogo wakiangaliwa na wakubwa wao, na wakubwa wenyewe walikuwa na miaka sita mpaka kumi. Siku ile kazi ilikuwa kwa Muthoki. Isyo ya wachimbaji, mahindi na maharagwe, ilikuwa ikitokota kwenye sufuria kubwa ya harusi. Mbinya alisikia mayowe. Wote waliyasikia. Aliinua kichwa, na Muthoki akaweka mpini wa jembe mbele ya kifua chake.

"Watoto hulia," Muthoki akasema. "Shika jembe."

Mbinya alishika jembe. Alipiga mara tatu zaidi. Maisha yake yote angezikumbuka hizo mara tatu, na jinsi udongo ulivyokuwa mgumu. Nthenya alipanda mbio akianguka na kuinuka, hana sauti, akinyoosha tu kidole, na hapo Mbinya akalitupa jembe. Kisilu alikuwa amejikwaa akaingia sufuriani mpaka kiunoni. Ngozi ilitoka na kaptura. Aliishi siku mbili, na siku ya pili alikuwa akiomba maji kwa sauti ya mtu mzima.

Kalondu hakulia wala hakumpiga. Alimwambia neno moja tu wakitoka kaburini: "Umenimaliza."

Jioni hiyo hiyo Mbinya alichukua mpini wa jembe akaenda kwa Muthoki. Alimkuta akikama mbuzi. Alimpiga mdomoni, kisha mabegani, kisha popote palipotokea. Meno mawili ya Muthoki yaliangukia kwenye maziwa. Muthoki hakupiga kelele wala hakuinua mkono kujikinga. Mumewe alipotoka na upinde, Muthoki alimwambia kwa mdomo uliojaa damu arudi ndani, mambo haya hayamhusu.

Wiki iliyofuata wanawake walipokutana, uso wa Muthoki ulikuwa bado umevimba kama boga. Hakupuliza firimbi. Alisema: "Kuanzia leo mmoja wetu atabaki na watoto. Siku yake itahesabiwa kama ya mwenye jembe. Nani anataka?"

Wanawake walitazamana. Kukaa na watoto ilikuwa kazi ya watoto.

"Mimi," Mbinya akasema. "Na sitaki mwingine anigusie kazi hiyo."

Hivyo ndivyo nasari, shule ya chekechea, ilivyoanza, ingawa haikuitwa nasari. Mbinya aliwapeleka watoto kwenye kipande tambarare cha Kalondu kando ya njia, mahali pekee kilimani ambapo mtoto akianguka habingiriki. Alizungushia miiba. Aliwapikia uji nje ya uzio, mbali, na mtoto aliyeukaribia moto alichapwa mpaka wenzake wakalia kwa niaba yake. Hakuwa mwanamke mpole. Wazazi waliokuja jioni waliwakuta watoto wamenawa, wamekaa mstari, wanyamavu. Wengine walisema yule mama ana mkono wa jela, lakini kesho yake waliwaleta tena.

Kusoma kulikuja polepole. Mbinya aliwafundisha kuhesabu kwa mbegu za mbono, kwa sababu mbuzi alikuwa amewahesabu maisha yake yote na hakuna mbuzi aliyempotea. Herufi hakuzijua. Siku moja alishuka mpaka barabara kuu ya Mombasa, kwenye duka la Wahome, Mkikuyu aliyekuja na jamaa yake kufanya biashara pale njia panda, akamwonyesha mkewe, Rahab, mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kimbo," Rahab akasema. "Mama, si unaujua mkebe wa Kimbo?"

"Naujua mkebe. Sijui maandishi. Niambie moja moja."

Rahab alimwambia moja moja, akicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kwa miaka miwili watoto wa kilima kile walienda darasa la kwanza wakijua herufi tano, hakuna zaidi, na walimu walijua mara moja wametoka wapi. Baadaye Rahab alimpa kalenda kuukuu yenye picha ya ng'ombe na tarakimu kubwa, akamwandikia herufi zote nyuma yake. Wanawake wa mwethya nao wakachanga, wakajenga banda la mabati. Watoto walimwita Mbinya Susu, nyanya, naye hakuwa amefika hata miaka arobaini.

Kalondu alikufa mwaka wa sabini na tisa. Ndolo alikuja mazishini kutoka Kiboko, alikokuwa mlinzi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, amevaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Alitembea shambani akihesabu hatua.

"Wewe si mke wa mtu," alimwambia Mbinya. "Ulikuwa mke wa mwanamke, na mwanamke huyo yuko hapo chini. Mwana wako wa kiume naye yuko hapo chini. Nthenya ataolewa. Basi hapa umebaki kama nani?"

"Kama aliyemzika," Mbinya akajibu. "Wewe umekuja na koleo?"

Ndolo alimzaba kofi mbele ya wachungaji wawili wa kanisa. Mmoja wao alianza kuomba.

Miaka saba tena ikapita. Nthenya aliolewa Kitui. Ndolo alistaafu akarudi, na mambo mawili yakaja mwaka mmoja. Kwanza, maafisa wa mashamba walianza kupima kilima na kuandika kila kipande jina la mwenyewe. Pili, afisa wa elimu alikuja na pikipiki akakaa bandani saa nzima akitazama. Alisema shule ya msingi imeagizwa kwamba kuanzia Januari haitapokea mtoto asiye na barua ya nasari. Zamani mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, ameingia. Sasa mkono hautoshi, lazima barua. Na nasari haiwezi kutoa barua kama haijaandikishwa, na haiandikishwi kama haina uwanja wenye jina. Nasari nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ule mvua ikinyesha hubeba hata ng'ombe.

"Kamati ya mashamba inakuja lini huku?" afisa aliuliza.

"Ijumaa ya wiki ijayo," Mbinya akasema.

"Basi Ijumaa hiyo wakute uwanja una mwenyewe."

Ndolo naye aliyasikia hayo. Alitaka kujenga bucha pale kando ya njia, na alijua kwamba kamati ikikuta banda na watoto itauliza maswali, ikikuta majani haitauliza. Jumatano kabla ya Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, alikuja na vijana wawili wa kukodi kutoka barabarani, wana mtaimbo, mapanga na ngazi. Ndani ya banda kulikuwa na watoto thelathini na mmoja wakinywa uji.

Mbinya alisimama mlangoni.

"Toa watoto," Ndolo akasema.

"Mabati haya umenunua wewe?"

"Ardhi chini yake ni ya baba yangu."

"Baba yako alimpa mke wake mkubwa. Nawe baba yako alikupa upande wa kule, ukauza ukanywa. Rudi ukatapike, labda utalipata shamba."

Vijana walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwasha Ndolo. Alimpiga ngumi ya tumbo, Mbinya akaketi. Akamkanyaga bega apite. Kijana mmoja alikuwa ameshapanda juu na kuanza kung'oa misumari, na watoto ndani walikuwa wakipiga kelele za kuziba masikio. Bati la kwanza liliponyoka. Lilianguka kwa ncha ndani ya banda, likamchana mtoto mmoja, Nzilani, tangu jicho mpaka kidevu. Mbinya aliona shavu la mtoto likifunguka na meno yakionekana kupitia humo.

Hakukumbuka alivyofika motoni. Alishika kijinga kinachowaka akamsokomezea Ndolo shingoni, akakisukuma kwa mikono miwili mpaka akasikia harufu ya nyama. Ndolo alinguruma, akageuka na mtaimbo. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kulia wa Mbinya juu kidogo ya kiwiko, na kila mtoto aliusikia mfupa. La pili lilimpata mbavuni. Alianguka juu ya mguu wa Ndolo akaung'ata, akakaza meno kama mbwa, na hakuachia hata alipopigwa mgongoni kwa ubapa wa panga.

Mwethya siku hiyo ilikuwa ng'ambo ya bonde. Wanawake walisikia. Walishuka na majembe yao, ishirini na zaidi, Muthoki mbele, naye sasa alikuwa bibi wa miaka hamsini na kitu. Kijana aliyekuwa juu ya paa aliruka akakimbia, ngazi ikabaki. Wa pili alivunjwa magoti kwa mipini. Ndolo alijaribu kusema neno, akapigwa mdomoni likaishia hapo. Walimpiga bila kuimba na bila kutukana, kama watu wanaochimba. Mama wa Nzilani, akiwa amembeba mgongoni mtoto wake mwenye damu, alimpiga jichoni kwa mpini, na jicho hilo halikuona tena.

"Muueni," Mbinya alisema akiwa chini. "Mbona mnasimama? Muueni."

Naibu chifu, mzee Mutie, ndiye aliyefika na askari mmoja na kuwatenganisha. Alitazama damu, akatazama watoto, akavua kofia.

"Mmenifanyia kazi nzuri sana," akasema. "Hapa nikishika sheria, nimefunga kilima kizima."

Ijumaa kamati ilikuja. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya banda lisilo na paa upande mmoja. Ndolo alikuwa amefungwa kichwa chote, limebaki jicho moja. Mbinya alikuwa na mkono uliofungwa plasta hospitalini Jumatano usiku, na kila alipopumua ubavu ulimchoma. Wazee wawili walisimama wakasema nyumba ya iweto ni nyumba kama nyingine, wote wanajua, na shamba ni lake. Ndolo alisema atakata rufaa, na rufaa hiyo ikishindwa atakata nyingine.

Mwenyekiti wa kamati alifunga faili lake, akamwita Mbinya karibu.

"Mama, haki yako naiona. Nikiliandika kwa jina lako, huyu atakwenda mahakamani. Kesi itachukua miaka mitano, sita. Kwa muda wote huo uwanja una kesi, hauwezi kuandikisha nasari. Lakini nikiliandika kuwa la shule, la umma, hawezi kuligusa, na Januari watoto wana barua. Bwana Mutie naye atasahau mambo ya Jumatano, yako, yake na ya hawa akina mama."

"Likiandikwa la shule, langu ni lipi?"

"Unabaki na kule mteremkoni."

"Na kufundisha?"

Mwenyekiti alimtazama afisa wa elimu. Afisa alitazama pikipiki yake. "Mwalimu lazima awe na cheti, mama. Atakayeanzia ni Nyawira, binti ya Rahab. Amemaliza kidato cha pili, na amehudhuria mafunzo ya walimu wa nasari."

"Nyawira nilimfundisha kunawa mikono, mama yake alipokuwa akiniachia siku za soko."

"Ndiyo, mama. Anasema hivyo mwenyewe."

Mbinya aligeuka kuwatazama wanawake. Jumatano walikuwa tayari kuua kwa ajili yake. Sasa kila mmoja alikuwa anatazama majani mbele ya miguu yake. Mama wa Nzilani alikuwa akimfukuza nzi mtoto kwenye kitambaa cha shavu, akifukuza hata mahali pasipokuwa na nzi. Mbinya alielewa kwamba wameshakubaliana, na kwamba walikubaliana kabla hajaitwa.

"Mama Nthenya," Muthoki akasema taratibu, ulimi ukipita kwenye pengo la meno. "Watoto ni thelathini na mmoja."

"Hesabu yao naijua. Niliwahesabu mimi, wewe ukiwa mstarini."

Muthoki alifunika pengo la meno kwa kiganja.

"Nyinyi hamtaki nasari," Mbinya akaendelea, na hakupandisha sauti. "Mnataka barua. Mimi mlinipa watoto kwa sababu nilikuwa nimeua wangu, mkaona sitathubutu kuua wa watu. Nimewalea miaka kumi na mitatu. Leo mnaniambia nitoe shamba, nitoe na watoto, kisha nipande mteremkoni na mkono mmoja. Sasa semeni kwa midomo yenu. Asiyetaka nitie kidole, asimame."

Hakusimama mtu. Ndolo alitoa sauti ndogo kutoka ndani ya bandeji, pengine alikuwa anacheka. Mbinya alimfikia kwa hatua tatu akampiga teke kwenye taya iliyokuwa imefungwa, mbele ya kamati, mbele ya askari, na Ndolo akaanguka chali akilia kama mtoto. Askari aliinuka. Mutie alimvuta shati akaketi.

Kisha Mbinya akarudi mezani. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kwa hiyo alitoa kidole gumba cha kushoto. Karani alimshika akakipaka wino.

"Usinishike," Mbinya akasema. "Najua mahali pa kuweka."

Januari watoto kumi na tisa wa kilima kile walipokelewa darasa la kwanza, kila mmoja na barua yake, Nzilani na kovu lake. Nyawira alikuwa mwalimu mwema. Aliwafundisha nyimbo, hakuwachapa, na alituma watu mara mbili kumwomba Mbinya aje awe mpishi wa uji, kuna mshahara kidogo wa kamati. Mara zote mbili Mbinya aliwaambia wamwambie asante.

Mvua ya Machi ilipokaribia, wanawake wa mwethya walipanda mteremkoni kwake asubuhi bila kualikwa, na majembe yao, wakajipanga mstari kwenye shamba lake. Mbinya alitoka nyumbani. Mkono ulikuwa umepona vibaya, umepinda nje kama mpini uliokaushwa juani. Muthoki alikuwa ameshika firimbi, hajaipuliza.

"Tumekuja kulima," akasema. "Siku zako zote tumezihesabu. Miezi miwili tutakuwa hapa kwako."

"Limeni basi," Mbinya akasema. "Chakula sijapika, na sitapika."

"Hatujaja kula."

"Na usiniite mama Nthenya. Usiniite jina lolote."

Walilima siku hiyo mpaka jioni, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Mbinya alikaa mlangoni akiwatazama, na yule aliyechimba mtaro uliopinda alimfokea afukie aanze upya, naye alifukia akaanza upya. Kutoka chini kando ya njia watoto walisikika wakiimba herufi zote pamoja, mpaka ya mwisho.